Fimbo Nyuma ya Pazia

Mkaguzi alimaliza kupekua mkoba wa Fundi na hakupata alichokuwa akikitafuta. Juu ya meza palikuwa na utepe wa kupimia, chaki mbili za kuchorea nguo, mkasi mdogo, miwani iliyofungwa mguu mmoja kwa uzi, na pakiti ya dawa za presha. Kifaa cha kukagulia vyuma kilikuwa kimelia mara moja tu, kwenye ukosi wa gauni, ambako Fundi alikuwa amechomeka sindano akaisahau.

"Nyingine ipo kwenye upindo," Fundi alisema. "Itoe ukipenda. Ila nisije nikatoka humu nguo imefumuka."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mshonaji wa nguo za wanafunzi, ambaye kwa miaka mingi alikuja kwenye mashindano ya sataranji, akashinda mbili, akashindwa tano, akarudi kwenye cherehani yake. Mwaka huu alikuwa hajashindwa hata mara moja, ingawa michezo miwili ilikwisha sare. Na jana yake, Alhamisi, katika raundi ya tano, alikuwa amemshinda Bingwa mwenyewe, mtu aliyelishika taji la taifa miaka sita mfululizo.

Barua ya malalamiko ilifika kabla jua halijazama. Bingwa aliiandika kwa mkono wake: haiwezekani mshona viraka acheze vile bila kusaidiwa na mashine. Apekuliwe.

"Umeridhika, dada?" Fundi aliuliza akirudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja.

"Kazi yangu si kuridhika, mama. Ni kuangalia."

"Basi ukishamaliza kuniangalia mimi, mwangalie na aliyekutuma." Akasimama, akajinyoosha gauni. "Mwenye kuku wake bandani hahangaiki kuhesabu mayai ya jirani."

Mkaguzi alimfungulia mlango. Alikuwa ametumikia polisi miaka kumi na miwili, kitengo cha kughushi nyaraka, kabla chama cha sataranji hakijamwajiri kulinda usafi wa mashindano. Sataranji yenyewe aliijua kwa juujuu tu: farasi anaruka, kete ndogo ya kitunda inasogea nyumba moja moja, ngome inakwenda moja kwa moja, mfalme akikosa pa kukimbilia mchezo umekwisha. Alichokijua vizuri ni karatasi.

Kwa hiyo aliziomba karatasi.

Kanuni za mashindano zilimtaka kila mchezaji aandike hatua yake na muda uliosomeka kwenye saa. Mkaguzi alizitandaza mezani karatasi za Fundi za raundi zote tano, akatoa hesabu ya dakika zilizotumika kwa kila hatua. Zilikuwa hazina mpangilio wowote. Nusu dakika, dakika mbili, nusu dakika, kisha dakika ishirini na mbili kwa hatua moja, halafu tena nusu dakika. Ndivyo mtu anavyofikiri: panapoteleza anakwenda, penye mwiba anasimama.

Saa sita mchana ikaja ripoti ya mtaalamu aliyelinganisha michezo ile na hatua ambazo mashine ingechagua. Kuhusu Fundi aliandika mistari miwili: anacheza vizuri, anakosea kama binadamu, hakuna dalili ya mashine. Mkaguzi angeweza kuishia hapo, akafunga jalada, akaandika kwamba malalamiko hayana msingi.

Lakini maneno ya Fundi yalikuwa yamemganda. Akaomba na karatasi za Bingwa.

Hapo ndipo alipovuta kiti karibu. Bingwa alikuwa akitumia dakika tano, sita, tano, sita, kwa hatua ngumu na nyepesi sawasawa. Katika raundi ya tatu mpinzani alimlia malkia, na Bingwa alikuwa na kete moja tu ya kulipizia. Hata asiyejua kucheza angeinyanyua papo hapo. Bingwa alikaa dakika sita.

"Alikuwa anasubiri nini?" Mkaguzi alijiuliza kwa sauti.

Akaichukua karatasi ya Alhamisi, ile ya mchezo alioshindwa. Dakika moja. Dakika thelathini na moja. Mbili. Kumi na tisa. Siku ile, na siku ile peke yake, Bingwa alikuwa amecheza kama watu wengine.

Ajabu ni kwamba ripoti ya mtaalamu ilimsafisha na yeye: makosa madogomadogo ya kibinadamu, hakuna mashine. Mkaguzi aliisoma mara mbili. Kuna kitu kilikuwa kinamwambia kwamba mtu huyu analishwa hatua, na kuna karatasi iliyokuwa inamwambia kwamba hakuna anayemlisha.

Alimkuta Mwamuzi Mkuu ukumbini akipanga viti. Alikuwa mzee mwembamba, mchezaji wa sifa enzi zake, mwenye mazoea ya kusema polepole kama anayeogopa kugusa kete isiyo yake.

"Mzee, Alhamisi kulikuwa na nini humu ambacho siku nyingine hakipo?"

Mwamuzi alifikiri. "Hakuna kilichozidi."

"Basi kilichopungua."

"Labda Mjomba. Aliugua. Ubao wa ukutani ukasimamiwa na karani wetu, naye akakosea mara tatu, watazamaji wakamcheka."

Mkaguzi aliinua macho jukwaani. Kwenye ukuta wa nyuma ulining'inia ubao mkubwa wa mbao, upana wa mlango na nusu, wenye kulabu kwenye kila nyumba, na vibao vyenye picha za kete vikitundikwa hapo ili watazamaji wafuatilie mchezo wa meza ya kwanza. Anayeusimamia alikaa pembeni nyuma ya pazia asije akawaziba watu. Kilichoonekana ni fimbo yake ndefu tu, ikitokeza, ikihamisha kete, ikirudi ndani.

Meza ya kwanza ilikuwa chini, mbele ya jukwaa. Mchezaji mmoja alikaa akiwatazama watu. Mwingine aliutazama ubao.

"Bingwa hukaa upande gani?"

"Huu wa kutazama jukwaa. Siku zote. Anasema nyuso za watu zinamvuruga."

"Na huyo Mjomba ni nani hasa?"

Mwamuzi alicheka kidogo. "Mjomba ni Mjomba. Mtu mzima, mpole, hana neno na mtu. Tumemkuta hapa, kila mtu anamwita hivyo."

"Wachezaji hupekuliwa wakiingia. Yeye je?"

"Mjomba?" Mzee akasita. "Nani ampekue Mjomba?"

Jumamosi, raundi ya mwisho, Mkaguzi alikaa safu ya tatu na daftari mapajani. Mjomba alikuwa amepona, amerudi. Alimwona akipita kuelekea nyuma ya pazia: mtu mfupi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, macho chini, akimwamkia kila aliyekutana naye kana kwamba anaomba radhi kwa kupita.

Mchezo ulipoanza, Mkaguzi hakumtazama Bingwa. Aliitazama fimbo.

Vibao vile vilikuwa na tabia ya kupinda kwenye kulabu, na fimbo ilitoka mara kwa mara kuvinyoosha. Hakuna ambaye angelitilia hilo shaka. Ni kama mtu anayenyoosha picha iliyopinda sebuleni. Ila Mkaguzi alianza kuandika: fimbo imenyoosha kibao gani, na baada yake Bingwa amechezesha kete gani. Aliandika hivyo kwa muda wa saa tatu. Kete za mpinzani fimbo ilizinyoosha ovyo, hii na ile. Za Bingwa ilinyoosha moja tu kwa kila zamu, na nyingine nyingi zilizopinda ikaziacha zimepinda.

Fimbo ilinyoosha kete za Bingwa mara kumi na tisa. Mara kumi na saba, kete iliyonyooshwa ndiyo iliyokwenda.

Bingwa alishinda. Fundi naye alishinda meza ya pili, na wawili wale wakalingana kwa pointi. Kanuni ilisema wacheze mchezo mmoja wa kukata mzizi wa fitina, Jumapili mchana. Atakayeshinda angevaa taji na kwenda kuwakilisha nchi.

Mkaguzi alimfuata Mwamuzi Mkuu ofisini, akafunga mlango, akamwekea daftari mbele. Mzee alilisoma kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika chini, kidole kilikuwa kimeacha jasho karatasini.

"Kujua kete tu kunatosha?" Mkaguzi aliuliza. "Haimwambii pa kuipeleka."

"Kwa mchezaji wa kiwango chake kunazidi kutosha. Mwambie kete, pa kuiweka atapaona mwenyewe." Akavua miwani. "Lakini haya ni maandishi yako, bibie. Atasema ni bahati. Atasema mzee yule ana mazoea ya kunyooshanyoosha."

"Ndiyo maana kesho fimbo nataka niishike mimi."

Mwamuzi alimtazama. "Umtegee mchezaji katikati ya mchezo?"

"Kunyoosha kibao cha ukutani ni kosa kwa kanuni ipi?"

"Hakuna kanuni inayokataza."

"Na mchezaji mkweli kitamdhuru nini?"

Mzee aliitafuta njia ya kukataa, akaikosa.

Jumapili ukumbi ulifurika. Fundi alikaa akiwatazama watu, mgongo kwa ubao. Bingwa alikaa upande wake wa kila siku, shati jeupe, mikono imefumbatana chini ya kidevu. Hakumsalimia Fundi kwa mkono. Alimgusa ncha za vidole.

Kufika hatua ya ishirini na tatu, Fundi alikuwa amebanwa. Mwamuzi alipita nyuma ya pazia, akamwambia Mjomba kuna karatasi ya mahudhurio inayohitaji saini yake chumba cha nyuma, mara moja tu. Mjomba aliiegemeza fimbo ukutani akamfuata karani bila kuuliza. Mkaguzi akaingia kwa mlango wa pembeni.

"Kete gani?" alinong'ona.

Mwamuzi alichungulia penye upenyo wa pazia. "Farasi wa pembeni. Akimwondoa pale, ngome inabaki bila mlinzi. Hata anayejifunza leo ataiona."

Fimbo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Aliitoa taratibu, akakigusa kibao cha farasi, akakinyoosha, akairudisha.

Bingwa aliinua macho. Akayashusha kwenye meza. Akayainua tena. Dakika zikapita: tatu, tano. Alikunja uso kama mtu aliyesomewa barua kwa lugha asiyoielewa vizuri. Mkono wake ulimwendea malkia, ukasimama hewani, ukarudi. Dakika ya saba alimshika farasi akampeleka mbele.

Watazamaji waliguna. Fundi aliitazama ile ngome iliyoachwa uchi, akaitilia shaka. Aliikagua dakika nne nzima akitafuta mtego uliofichwa. Kisha akaila.

Mwamuzi Mkuu alishuka jukwaani, akasimamisha saa.

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza moja, viti vitano na kabati la vikombe vya ushindi. Mkaguzi alimpekua Mjomba mwenyewe, mbele ya Mwamuzi na Bingwa. Alitarajia simu, au kile kidude kidogo cha kutia sikioni. Alipata kitambaa cha jasho, penseli, na funguo mbili.

"Simu iko wapi, Mjomba?"

"Nyumbani, mwanangu. Ile ya kwangu haina hata picha."

"Nani anakupa hatua?"

Mjomba aliangalia viatu vyake.

Bingwa alicheka kwa pua. "Mmeona? Mnamwonea mtu mzima. Ana tabia ya kunyoosha vibao, basi. Kama ananyoosha akiwa na nia yake, mimi nitajuaje? Huyu mzee kichwani haziko zote, kila mtu anajua."

Mjomba aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza Mkaguzi kuyaona macho yake sawasawa. Yalikuwa macho makali, ya mtu anayeona mbali.

Na hapo zile karatasi mbili zilizokuwa zikigombana kichwani mwake tangu Ijumaa zikaelewana. Mtu analishwa, na mashine haimo. Basi anayemlisha ni mtu.

"Mjomba," alisema polepole, "leo fimbo niliishika mimi. Ungekuwepo wewe, ungenyoosha nini?"

"Mzee usijibu," Bingwa alisema.

"Kitunda cha mbele ya malkia," Mjomba alijibu. Alisema bila ubao, akiukodolea macho mlango wa kabati. "Mama wa watu angekila, hana budi. Farasi anaingia katikati. Ngome yake ikikimbia, malkia anashuka. Hatua ya nne mfalme hana pa kwenda."

Mwamuzi Mkuu alikuwa amekwisha vuta ubao uliokuwa juu ya kabati. Alizipanga kete kama zilivyokuwa, akasukuma kitunda, akaicheza ile njia kama alivyoelezwa. Akairudia. Kisha akakaa, akaziacha kete zilivyo.

"Mimi nisingeiona," alisema. "Hata enzi zangu nisingeiona."

"Kwa nini huchezi mwenyewe?" Mkaguzi aliuliza.

"Nikikaa mbele ya mtu, mikono inakataa, macho yanaingia giza. Nilijaribu mara tatu ujanani. Mara ya tatu nilianguka na meza yenyewe, watu wakacheka mpaka nilipobebwa. Nyuma ya pazia hakuna anayenitazama."

"Na huyu kwako ni nani?"

"Mama yake ni dada yangu, tumbo moja. Marehemu." Akamtazama Bingwa. "Wote mnaniita Mjomba kwa heshima. Mwenye haki ya kuniita hivyo ni huyu mmoja, naye hajaniita mbele za watu miaka sita."

Bingwa alikuwa ameacha kucheka.

"Alhamisi uliugua nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Sikuugua. Nilitaka nijue akiachwa peke yake atakuwaje. Nilimfundisha ana miaka minane, alikuwa na akili. Nikasema labda tumeshafika, labda hanihitaji." Alipangusa uso kwa kitambaa. "Kushindwa hakukuniuma. Kila anayecheza anashindwa. Jioni nikasikia ameandika barua mwanamke wa watu apekuliwe."

"Na Jumamosi ukarudi kumsaidia."

"Nikarudi." Sauti ilikuwa ndogo. "Damu nzito, mwanangu. Nikajiambia, mara ya mwisho. Kila mwaka hujiambia hivyo."

Mkaguzi alimsogezea karatasi ya maelezo. Alimtaka kila mmoja aandike yake. Bingwa alisema hataandika chochote bila wakili, na Mwamuzi akamjulisha, kwa sauti ileile ya polepole, kwamba amesimamishwa tangu dakika hiyo, na mataji yote sita yatachunguzwa. Bingwa alisimama. Alipofika mlangoni alionekana kama mwenye neno la kumwambia yule mzee, lakini lililotoka lilikuwa, "Umeniua." Akaenda zake.

Mjomba aliandika. Aliandika ukurasa mzima bila kufuta, michezo yote aliyoisaidia, raundi kwa raundi, akaweka saini.

Fundi aliitwa mwisho. Mkaguzi alimweleza yote. Alimwambia kwamba ushindi wake wa Alhamisi ulikuwa halali, kwamba taji ni lake, na kwamba chama kitamwomba radhi kwa maandishi kwa kupekuliwa.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa kwenye ubao uliokuwa mezani.

"Hatua ishirini na mbili za kwanza leo, nilikuwa nacheza na nani?"

Mjomba aliinua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Mimi, mama. Unisamehe."

"Nilikuwa nahisi," Fundi alisema. "Alhamisi nilicheza na mtu anayeogopa. Leo nilikuwa nanyongwa." Aliisogelea meza, akaitazama ile njia ya kitunda Mwamuzi alivyoiacha. Alichukua muda kuielewa, na alipoielewa mabega yake yalishuka. "Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha."

"Ulikuwa umekwisha," Mjomba alikiri.

"Kanuni inakupa ushindi," Mwamuzi alisema haraka. "Aliyedanganya ni mwingine."

"Nimesikia, baba. Andikeni nimeshinda, sikatai. Nimelitafuta taji hili tangu mwanangu wa kwanza yuko mgongoni." Alimgeukia Mkaguzi. "Huyu mtampeleka wapi?"

"Hatasimamia tena mashindano. Mengine kamati itaamua."

"Itaamua leo?"

"Leo hapana. Kwa leo nimemalizana naye."

Fundi alikichukua kiti kilichokuwa upande wa pili wa meza. Mkono wa Mjomba ulianza kutetemeka, akaushika kwa mwingine. Fundi aliuona ule mtetemeko. Hakukiweka kiti pale mbele. Alikizungusha, akakiweka kando yake, bega kwa bega, wote wawili wakiutazama ubao upande mmoja.

"Mwezi ujao nakwenda kucheza na watu ambao hawatakuwa na fimbo, na watakuwa wazuri kama wewe," alisema. "Rudisha kete mpaka hatua ya kumi. Nionyeshe nilipokosea."

Mjomba alisubiri mikono yake itulie. Kisha akaanza kuzirudisha kete nyumbani kwake, moja baada ya nyingine, kwa vidole vyake mwenyewe.

Mkaguzi alikusanya karatasi zake akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.